Bei ya Nyumba Isiyoonwa

Twauliza suala: mtu akikupa karatasi ya bei ya kazi, yenye jina lako juu na jumla ya fedha chini, na katikati mna maneno yaliyoandikwa mwaka jana kwa nyumba ya mtu mwingine, je, huyo amekwambia kweli au amekwambia uwongo? Wengi watajibu upesi kuwa si uwongo, madhali bei imetajwa na kazi itafanywa. Sisi twaona jambo hili lataka kutazamwa zaidi, na mfano wake ulio wazi umo katika kazi ya makontrakta wa Marekani wanaotia mitambo ya joto na baridi majumbani.

Sehemu nyingi za nchi ile zina theluji wakati mmoja na joto kali wakati mwingine, kwa hivyo nyumba nyingi zina mitambo ya kupeleka hewa ya moto au hewa baridi vyumbani kwa mifereji ya bati ipitayo darini au chini ya sakafu. Mtambo ukifa, mwenye nyumba huita makontrakta wawili watatu wampe bei. Kontrakta naye hawezi kuanza kila karatasi upya, angekesha. Basi huweka violezo, yaani karatasi za mfano zilizokwisha kupangwa ndani yake vifaa, saa za mafundi, faida na masharti ya dhamana. Hufungua kiolezo katika kompyuta, akabadili jina na anwani, na karatasi ikawa tayari.

Haifai kukilaumu kiolezo chenyewe. Humkumbusha mtu kibali cha serikali ya mji, na bomba la kutolea maji, na swichi ya umeme, mambo ambayo akiyasahau ama atakula hasara, ama atamrudia mteja katikati ya kazi kumwomba fedha za zaidi, na huko ndiko kwenye ugomvi. Tena kiolezo humfunga mikono mwuzaji mwenye tamaa. Bei iliyokwisha kuandikwa haitazami kama mlangoni mna gari la fahari, wala kama aliyefungua mlango ni mjane asiyejua mtambo ni nini.

Walakini nyumba hazilingani. Mafundi hupima nguvu ya kupoza kwa tani, na asili ya kipimo hicho ni barafu: tani moja ni baridi inayopatikana tani ya barafu ikiyeyuka kwa muda wa saa 24, nayo ni BTU 12,000 kwa saa. Desturi ya kukisia ni kuwa tani moja yatosha futi za mraba 500 au karibu yake, basi nyumba ya futi 2,000 huandikiwa tani nne. Lakini nyumba moja ya kadiri hiyo ina madirisha makubwa yaliyoelekea jua la alasiri na dari lake ni tupu, na ya pili ina kivuli cha miti na dari lililojazwa kizuizi cha joto. Chama cha makontrakta hao kimeweka njia ya kuhesabu, iitwayo Manual J, inayotaka kujua kuta, madirisha, dari na hewa ipenyayo. Wengi huiruka.

Na mwenye nyumba hudhani kuwa kikubwa ndicho bora. Sivyo. Mtambo mkubwa kupita kiasi hupoza hewa upesi ukazimika kabla haujatoa unyevu, kisha ukawaka tena, na chumba kikawa cha baridi na maji maji. Ni ajabu kwa kazi hii kusahau unyevu, kwani Willis Carrier mwaka 1902 alipobuni mtambo wake kwa ajili ya nyumba ya kupigia chapa huko Brooklyn, shida ilikuwa unyevu uliotanua karatasi hata rangi zikawa hazikutani.

Sasa turejee kwenye suala letu. Maneno "tani 4" yakiwa katika kiolezo ni kumbukumbu tu, hayamwambii mtu kitu. Lakini karatasi ikishatiwa jina la mteja, maneno yale yale yamegeuka kuwa kauli, nayo yasema: nimeitazama nyumba yako, nikaona yataka nne. Asiyeitazama ametoa ushahidi wa asiyoyaona. Mstari ulioachwa bila kubadiliwa ni usemi wake sawa na ule alioubadili kwa mkono wake.

Hata nyumba ikiwa ile ile, dunia hubadilika. Kuanzia tarehe 1 Januari 2025 kanuni za Marekani zilizuia kuundwa na kuingizwa nchini mitambo mipya ya majumbani ya kupoza inayotumia gesi ya R-410A, na makontrakta wakahamia R-32 na R-454B. Kiolezo cha 2023 hakilijui hilo. Wala hasara haimwangukii mnunuzi peke yake. Mtambo na kazi vikigharimu dola 7,000, mwenye kuongeza asilimia 30 juu yake atauza 9,100. Lakini akitaka faida iwe asilimia 30 ya bei ya kuuzia, sharti auze 10,000. Atakayechanganya hesabu hizi mbili katika kiolezo atapoteza dola 900 kila kazi bila kujua kwa nini, na pengine atakayepunguziwa ujira ni fundi wake.

Basi hapana budi kiolezo kibadilishwe. Lakini hapa ndipo penye ugumu, na wasifu wa kubadili hupita hapa haraka. Kubadili ni kwa namna mbili. Kuna kubadili kwa ajili ya nyumba: dirisha, dari, mfereji uliotoboka. Na kuna kubadili kwa ajili ya uso wa mwenye nyumba: huyu ana haraka, huyu hana wa kumwuliza, huyu mtoto wake anaugua kwa joto. Kompyuta haitofautishi, zote mbili ni tarakimu iliyofutwa ikaandikwa nyingine. Ya kwanza ni insafu. Ya pili yarudisha ile tamaa ambayo kiolezo kilikuwa kimeizuia, tena sasa imevaa nguo za uangalifu, kwani mteja huambiwa, "Karatasi hii tumekupangia wewe hasa." Sisi twaona mpaka wake ni huu: badiliko lolote ambalo kontrakta hawezi kumwonyesha mwenye nyumba sababu yake kwa kidole, ukutani au darini, si la nyumba.

Kontrakta atajibu kuwa kupima vizuri kwachukua saa nzima au zaidi, na halipwi ikiwa kazi atapewa mwengine; mwenye pupa atatangulia kupeleka karatasi, na mwaminifu atalala njaa. Hoja hii ni ya kweli na hatuidharau. Lakini haimlazimishi kusema uwongo. Aweza kuandika juu ya karatasi: bei hii ni ya kukisia, nyumba haijapimwa, na akaitaka kazi ya kupima ilipwe, kisha akaitoa fedha hiyo katika jumla akipewa kazi.

Hapa Mombasa hatuna haja ya hewa ya moto, illa desturi ni ile ile. Fundi huuliza kwa simu chumba ni futi ngapi, akajibu BTU 12,000 au 18,000, akataja bei. Chumba cha Mji wa Kale chenye kuta nene za mawe hakifanani na chumba cha ghorofa ya juu chini ya zege, na mtambo unaoelekea bahari huliwa na chumvi upesi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kimempa mnunuzi haki ya kupata habari zimfaazo. Na aulize basi, kabla hajatia saini: katika karatasi hii, ni mstari gani ulioubadili baada ya kukiona chumba changu?