Dhamana ya Mwenye Mbwa

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo: sharia imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba. Amfugaye pasipo haja, Mtume s.a.w. amehadharisha kuwa hupungukiwa na thawabu kila siku. Lakini ruhusa hiyo si ya kumwachia mbwa njiani. Wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii wamesema: mwenye kumjua mbwa wake kuwa ni mkali, kisha asimfunge, naye akamjeruhi mtu, dhamana ni juu ya mwenyewe. Si udhuru kusema mnyama hana akili. Mwenye mnyama anayo.

Na aliye karibu zaidi na hatari ni mtoto. Humvuta mbwa mkia, humwendea alapo na alalapo, na kwa ufupi wa kimo chake uso wake huwa mbele ya meno. Basi wasiachwe wawili hao peke yao, hata mbwa akiwa mpole.

Akiumwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji mengi na sabuni, dakika 15, kisha apelekwe hospitali achomwe sindano ya kichaa cha mbwa. Kombe na dua visimcheleweshe. Dalili zikidhihiri, kupona ni nadra mno.

Mwenye mbwa naye amchanje, amlishe, amnyweshe. Kwani yuko aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu.

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu kuchunga amana zao. Amin.