Lililo Sahihi Ndani ya Ekseli

Huenda wasomaji wetu wakastaajabu kuona habari za beringi za motokaa kuukuu katika ukurasa huu. Lakini ndani ya jambo hilo limo swali lisilo dogo, nalo ni hili: kitu huitwa sahihi kwa sababu gani? Je, ni kwa kuwa kinafanana na kile cha kwanza, au kwa kuwa chatimiza kazi yake pasipo kumdhuru mtu?

Na tuitazame motokaa ijulikanayo sana, yaani Ford Model T, iliyotengenezwa Marekani tangu mwaka 1908 hata mwaka 1927, jumla yake ikapata kama milioni 15. Hata leo wako watu wazitunzao na kuziendesha barabarani. Ekseli yake ya nyuma huzunguka katika beringi za Hyatt, nazo si za gololi. Ni vijiti vya mviringo, kila kimoja kimesokotwa kwa utepe wa chuma mfano wa springi, hata hunyumbuka kidogo. Vijiti hivyo hujiviringisha juu ya ekseli yenyewe, pasipo pete katikati. Kwa hiyo ekseli ikiwa imelika, hata beringi nzuri kabisa haitafaa, maana ekseli nayo ni sehemu ya beringi. Fundi anunuaye beringi asiipime ekseli kwa maikromita amenunua nusu ya kitu.

Tena liko jaribu la vipimo. Katika motokaa nyingi za zamani za Uingereza beringi zilipimwa kwa inchi, na inchi moja ni milimita 25.4. Dukani iko beringi ya milimita 25. Ukiishika mkononi huoni tofauti. Ukiitia katika ekseli, haiingii. Hapo mtu hushawishika kuikwangua ekseli kidogo tu, ili ipate kuingia. Afanyaye hivyo hakuipata beringi iliyo sahihi. Ameiharibu ekseli ili beringi isiyo sahihi ionekane kuwa sahihi. Na huyo, twaona, hana udhuru.

Lakini turudi kwa Model T, maana huko swali ni gumu zaidi. Pamoja na beringi za Hyatt, ndani ya ekseli mna washa zinazoizuia gia kubwa isisukumwe kando. Baadhi ya washa hizo zilifanywa kwa babiti, ambayo ni madini laini. Miaka ikiwa mingi, babiti hupasuka na kumong'onyoka. Ndipo gia kubwa huondoka mahali pake, ikaachana na gia ndogo iizungushayo. Injini yaendelea kunguruma, lakini magurudumu hayaipokei tena nguvu yake. Na hatari haiishii hapo. Breki ya mguu katika motokaa hii haishiki magurudumu yenyewe; hushika mtambo wa gia ulio mbele, na nguvu yake hufika nyuma kwa njia ya gia hizo hizo mbili. Zikiachana, dereva akanyaga bure. Imebaki breki ya mkono, nayo ni dhaifu. Mtu akiwa anashuka mlima, hana msaada mwingine.

Kwa sababu hiyo mafundi wengi huziondoa washa za babiti, wakatia za shaba nyeusi. Wengine hulalamika, wakisema kwamba kilicho sahihi ni kile kilichotoka kiwandani, na kwamba kitu cha kale kikibadilishwa leo hiki na kesho kile, mwisho litabaki jina tu. Hatuwacheki watu hao. Kukitunza kitu kama kilivyokuwa ni namna ya kusema kweli juu ya waliokifanya. Lakini twauliza: aliyeitia washa ile aliitia kwa kusudi gani? Aliitia ili iishike gia. Washa iliyokuwa unga imeliacha kusudi lake, ijapokuwa ndiyo ile ile ya kwanza. Na ya shaba nyeusi yalitimiza. Basi kwa hukumu yetu, mwenye kuibadilisha ndiye amtiiye zaidi aliyeitengeneza.

Shauri hili huwa zito zaidi motokaa inapouzwa. Ekseli imefungwa, wala mnunuzi hawezi kuona yaliyomo asipoifungua yote. Rangi yang'aa, viti ni vipya, injini yaitika. Muuzaji aweza kusema, "Hakuniuliza habari za washa." Naam, hakuuliza, kwa kuwa hakujua ya kuwa zipo, na mtu hawezi kuuliza habari ya kitu asichokijua. Na mtoto atakayeketi kando ya dereva, yeye hataulizwa neno lo lote. Kwa hiyo mwenye kujua imempasa kusema, hata kama bei itashuka. Na asiyepata kuifungua asiseme "ni nzima", aseme, "Sijaifungua."

Na ile motokaa ikaayo katika nyumba ya makumbusho, isiyotoka kamwe? Hiyo na ibaki na babiti yake, ili watu wajue jinsi ilivyofanywa. Ila na ifungwe karatasi katika usukani, ielezayo yaliyomo ndani ya ekseli, kwa kuwa vitu vya makumbusho navyo huuzwa.