Funza Hana Miguu

Je, mtu aliyekosea kwa kutojua ana hatia? Kwa miaka mingi nilijibu kwamba hana. Jibu hilo lilinishinda siku moja katika soko la samaki la Kibirizi, hapa Kigoma.

Nilikuwa nachagua lumbu katika beseni la mama mmoja. Nilipofunua shavu la samaki nikaona kidudu mweupe amejishikiza ndani. Nikapaza sauti: "Mama, unatuuzia samaki wenye funza?" Wanunuzi wawili waliokuwa wameinama pale wakarudisha samaki wao, wakaenda kwingine. Yule mama hakunitukana. Alisema tu, "Mwanangu, funza hana miguu. Mhesabie huyo." Sikumhesabia. Nikaondoka.

Baadaye nilisoma, nikaona aibu. Kidudu yule ni wa kundi la isopoda, ndugu wa kaa na kamba. Aliyekomaa ana jozi saba za miguu yenye kucha kama ndoana, na kwa hizo humng'ang'ania samaki aliye hai. Hazaliwi na uozo, wala hamdhuru mlaji.

Hata wenye elimu hiyo huenda polepole. Wadudu wa ukoo huu huanza maisha yao wakiwa madume, kisha hugeuka majike. Mtoto hutoka katika mfuko wa mamaye akiwa na jozi sita tu za miguu. Wengine mwili hupinda kwa kufuata nafasi waliyokaa shavuni. Asiye mwangalifu ataona aina tatu mahali penye moja.

Mwaka 1965 mtaalamu Mwingereza, Geoffrey Fryer, alieleza aina moja ya ziwa letu, akaiita Lironeca tanganyikae. Mwaka 1968 alieleza nyingine, iliyopatikana kwa samaki wa jamii ya dagaa na lumbu, akaiita Lironeca enigmatica, yaani ya fumbo. Ukoo huo makao yake hasa ni baharini, nasi tuko mbali na bahari. Mtu aliyehesabu kila mguu alikiri fumbo ndani ya jina lenyewe. Mimi, kwa kutupa jicho mara moja, sikuwa na shaka yoyote!

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipoiona hatia yangu. Kutojua hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kutamka kama anayejua, hali hasara inamwangukia mwingine. "Funza" halikuwa jina nililompa mdudu. Ilikuwa hukumu niliyompa mama yule.

Nilirudi Kibirizi asubuhi, saa ya wateja wengi, maana niliona kwamba tusi la hadharani haliombewi radhi kwa kunong'ona. Nikasema kwa sauti ile ile: "Mama, nisamehe. Samaki wako walikuwa wazima. Mimi ndiye sikujua."

Akanitazama, akasogeza beseni. "Yameisha, mwanangu. Chagua."

Nilichagua, nikalipa. Lakini wale wanunuzi wawili sikuwaona, na pengine hadi leo wanalikwepa beseni lake.