Je, Feza ya Uaskari Yaweza Kulipia Masomo?

Kila mzazi hulipia masomo ya mtoto wake kwa kile alicho nacho. Mkulima wa Kasongo huuza mpunga na karanga. Mama huuza mafuta ya mawese sokoni. Kijana wa Salamabila, kule Kabambare, hushuka shimoni kutafuta dhahabu ili mdogo wake asifukuzwe shule. Hao wote twawasifu, wala hakuna awaulizaye kama feza yao ni safi, mradi hawakuiiba. Lakini yuko mtu mwingine, asiye na shamba, wala mbuzi, wala shimo la dhahabu. Ana mwili wake na ujana wake tu. Huyo huvaa nguo za askari, na kwa uaskari wake hupata njia ya kusoma. Je, tumsifu naye pia? Au feza yake ina harufu ya damu?

Ndugu msomaji, swali hili si la kuchezea, wala si la watu wa mbali. Vita vilipowaka mwaka 1996, watu wengi wa mashariki ya Kongo walivuka ziwa Tanganyika, wakapokewa katika kambi ya Nyarugusu, upande wa Kigoma. Baada ya miaka mingi wengine wao walipelekwa Marekani, na watoto wao wamekua huko. Katika nchi ile si lazima mtu awe raia ndipo aandikwe askari. Mgeni mwenye ruhusa ya kukaa daima aweza kuandikwa pia. Basi kijana humpigia simu mzee wake: «Baba, chuo kikuu ni ghali mno. Nikitumikia jeshi, serikali itanilipia. Nipe baraka yako.» Mzee huyo ajibu nini?

Kabla ya kuhukumu jambo, tulijue kwanza. Tarehe 22 Juni 1944, Rais Roosevelt wa Marekani alitia sahihi sheria ya kuwasaidia askari watakaorudi kutoka Vita Kuu ya Pili. Serikali iliwalipia masomo hadi dola 500 kwa mwaka, pamoja na posho ya kuishi. Kabla sheria hiyo haijakwisha mwaka 1956, askari wapata milioni 7.8 walikuwa wamejifunza elimu au ufundi kwa msaada wake, na zaidi ya milioni 2 kati yao waliingia vyuo vikuu. Sheria iliyo kubwa zaidi kati ya zile za leo ilitungwa mwaka 2008. Kwa sheria hiyo, aliyetumikia miezi 36 aweza kulipiwa ada yote ya chuo cha serikali kwa miezi 36 ya masomo, na kusaidiwa nyumba na vitabu. Tena, aliyetumikia miaka 6 na kukubali kuongeza miaka 4 aweza kumwachia mkewe au mtoto wake haki hiyo. Kwa hiyo hata mtoto asiyeshika bunduki kamwe aweza kusoma kwa jasho la baba yake askari.

Hapa nakumbuka habari ya mfalme Daudi. Alikuwa ngomeni, na Wafilisti walikuwa wameushika mji wake Betlehemu. Akatamani maji ya kisima kilichoko langoni mwa mji ule. Mashujaa watatu wakapenya kambi ya adui, wakateka maji, wakamletea. Daudi akakataa kuyanywa. Aliona kwamba maji yale yalikuwa kama damu ya watu waliohatarisha maisha yao, akayamwaga mbele ya Mungu. Pengine mtu atasema: basi, na mtoto wa askari ayamwage masomo yake. La, tusifahamu hivyo. Daudi hakuwakemea mashujaa wake, wala hakusema kwamba maji ni machafu. Aliona kuwa yana thamani kuliko kiu ya mtu mmoja, kwa hiyo hakuweza kuyanywa kama maji ya kila siku. Jambo hili tuliweke moyoni, tutalihitaji mbele.

Kwa nafsi yake, mshahara wa askari si dhambi. Askari walipomwuliza Yohane Mbatizaji wafanye nini, hakuwaamuru waache kazi. Aliwakataza kunyang'anya na kusingizia watu, akawaambia watoshwe na mishahara yao. Paulo naye awauliza Wakorinto kama yuko askari atumikaye kwa gharama zake mwenyewe. Mtaguso Mkuu wa Vatikano wa Pili ulifundisha mwaka 1965 kwamba askari atimizaye vema wajibu wake huwa mtumishi wa usalama wa watu, na hivyo huisaidia amani. Basi nchi iliyomwita kijana, ikamweka mbali na shule katika miaka ile ambayo wenzake walikuwa wakisoma, ina deni kwake. Ikimlipia masomo, haimpi sadaka. Yamrudishia miaka yake. Na wahenga walisema, dawa ya deni ni kulipa.

Madeni ya namna hii hayakulipwa kwa wote. Huko Marekani askari weusi wengi walipigana vita vile vile, lakini waliporudi, hasa katika majimbo ya kusini, milango ya vyuo ilifungwa mbele yao, na sheria ya 1944 iliwafaa kidogo tu. Na sisi je? Katika vita vya 1914-1918 wapagazi zaidi ya 200,000 wa Kongo walibeba risasi na chakula cha jeshi. Jeshi hilo liliingia Tabora mwezi wa Septemba 1916. Wengi wa wapagazi hao walikufa njiani kwa njaa na magonjwa. Ni nani aliyewalipia watoto wao shule? Anayesema kwamba feza ya masomo ya askari ni upendeleo, na awakumbuke wapagazi wale. Ataona kwamba kutolipa ndiko kulikokuwa dhambi.

Lakini tusikimbilie mwisho. Liko neno jingine, nalo ni zito. Papa Leo wa Kumi na Tatu, katika barua yake juu ya wafanyakazi ya mwaka 1891, alionyesha kwamba mapatano ya mshahara hayawi ya haki kwa sababu tu pande mbili zimekubali. Mtu akiyapokea masharti magumu kwa kuwa shida imemkaba, na hana njia nyingine, huyo ameonewa, hata kama ametia sahihi kwa mkono wake. Tupime basi habari yetu kwa mizani hiyo. Mtoto wa tajiri huenda chuoni kwa feza ya baba yake. Mtoto wa maskini huenda kwa mwili wake. Wote wawili wakikaa darasani, vyeti vyao ni sawa. Lakini mmoja alitoa feza, na mwingine aliweka maisha yake rehani. Nchi inayomlipia askari wake hutenda haki. Nchi inayofunga milango mingine yote, hata maskini asiweze kusoma ila kwa bunduki, imeifanya njaa kuwa mwandikishaji wa askari. Hiyo si haki tena.

Historia ya Kongo inatufundisha jambo hilo kwa namna ya ajabu. Mwaka 1949 kijana mmoja mkaidi alifukuzwa katika shule ya misioni ya Coquilhatville, akatiwa jeshini kwa miaka 7. Jeshi likampeleka Luluabourg, akajifunza ukarani na hesabu. Alitoka mwaka 1956, akawa mwandishi wa magazeti, na baadaye akawa mkuu wa nchi. Ni Joseph-Désiré Mobutu. Uaskari ulikuwa shule yake. Tena, tarehe 4 Juni 1969, askari waliwapiga risasi wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lovanium walioandamana, na wengine walikufa. Miaka miwili baadaye, wenzao walipofanya ukumbusho wa wafu hao, Mobutu alikifunga chuo, akawatia wanafunzi jeshini kwa nguvu. Tazama basi: mtu aliyepewa elimu na jeshi alilitumia jeshi kuwaadhibu wenye kutafuta elimu. Jeshi laweza kuwa mlango wa shule, na laweza kuwa gereza la shule. Kwa hiyo elimu haifai kutegemea hisani ya wenye silaha. Yapasa isimame kwa miguu yake yenyewe, kama haki ya mtu.

Sasa tuje nyumbani kabisa. Katika Kabambare na Kasongo vijana wengi wameshika bunduki bila kuitwa na sheria yoyote. Wengine walikwenda na jeshi la 1996 na 1997, nao wakaitwa kadogo kwa kuwa walikuwa watoto. Wengine wameingia Mai-Mai. Mwaka 2003 serikali ilianzisha tume ya kuwatoa wapiganaji vitani. Aliyerudisha silaha na kuchagua maisha ya raia alipewa dola 110 za kwenda kwao, kisha dola 25 kila mwezi kwa mwaka mmoja, na wengine walifundishwa ufundi. Wakati ule wazazi wengi walinung'unika, na manung'uniko hayo hayajakwisha: «Mwanangu hakumpora mtu. Alilima, akamtii padri na mwalimu, na leo hana feza ya kwenda chuo kikuu Kindu. Yule aliyetuchomea nyumba ndiye apewaye. Je, bunduki ndiyo inayozaa matunda?»

Manung'uniko hayo yana haki ndani yake, wala tusiyanyamazishe kwa mahubiri mepesi. Lakini tutenganishe vitu viwili. Feza ya askari aliyeitwa na nchi yake ni malipo. Feza ya kijana aliyetoka porini ni dawa. Mgonjwa hapewi dawa kama tuzo ya ugonjwa wake. Apewa ili apone, na ili asituambukize sisi sote. Mtoto aliyenyang'anywa shule akiwa na miaka 12, akapewa bunduki, alikosewa kabla hajakosa. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto yakataza kabisa kumwandika askari aliye chini ya miaka 18. Kumrudisha mtoto huyo darasani si zawadi, ni kumrudishia mali yake.

Hata hivyo, dawa nayo ina kipimo chake. Kijijini wakila wagonjwa peke yao, wazima watatamani kuugua. Mdogo mtu akiona kwamba kaka yake mwenye jembe hasomi, na jirani aliyetoka porini anasoma, amefundishwa somo baya kuliko yote. Kwa hiyo msaada wa namna hii usimfikie mtu peke yake, ukifikie kijiji kizima. Darasa likijengwa, na waketi humo yule aliyeacha bunduki na yule asiyeishika kamwe, kwenye benchi moja, hapo manung'uniko yatakwisha. Mpango mwingine wa serikali, ulioanzishwa mwaka 2021, umetaja katika jina lake kuinuliwa kwa jamii. Jina hilo ni jema. Sisi tudai kwamba kazi ifanane na jina.

Basi mzee aliyeombwa baraka amjibu nini mwanawe? Asikatae upesi, wala asikubali upesi. Amwulize maswali matatu. La kwanza: «Mwanangu, ungeweza kuifanya kazi hii hata kama isingekuwa na shule mwishoni?» Kwa maana jeshi si duka la vyeti. Anayeandikwa huahidi kwenda vitani, na huenda akaamriwa kuua. Tena yampasa awe na moyo wa kukataa amri ya uovu. Aliyekodolea macho cheti tu ameuza kitu asichokitazama. La pili: «Umebisha milango mingine?» Kufanya kazi mchana na kusoma jioni, msaada wa masomo, mkono wa ndugu: kama milango hiyo iko wazi, mbona aanze na ule wa hatari? La tatu: «Utamlipa nani?» Kwa kuwa kila aliyesoma kwa njia hiyo amesoma pia kwa niaba ya mwenzake asiyerudi. Kijana akiyajibu maswali hayo kwa dhamiri safi, baba aweza kumbariki bila hofu. Akishindwa, bora baba aseme la, hata kama simu itakatwa kwa hasira.

Na sisi wa parokia tuna sehemu yetu. Tangu Septemba 2019 shule za msingi za serikali zafundisha bure, nazo ni pamoja na zile zinazosimamiwa na Kanisa kwa mapatano na serikali. Lakini kutoka hapo hadi chuo kikuu njia ni ndefu, na ya kulipia. Kijana akwamaye katikati ya njia hiyo huko Salamabila ana shimo la dhahabu upande huu, na bunduki upande ule. Je, tunajua majina ya vijana hao katika jumuiya zetu? Tunazo likelemba za kuzikia wafu na za kuoza wana. Mbona hatuna ya kumpeleka mmoja wetu chuoni kila mwaka? Kijiji kikimsomesha mtu mmoja kwa magunia ya mpunga, kimemwepusha mmoja na rehani ya mwili wake.

Nawe uliyekwisha kusoma, ukiwa mganga, au mwalimu, au karani, kwa feza ya baba aliyetumikia jeshi, usione haya, wala usijivune. Maji yale ya Betlehemu hayakuwa machafu. Yalikuwa ghali mno kunywewa na mtu mmoja. Elimu yako pia ni hivyo. Ukiinywa peke yako, umekunywa damu ya wenzako. Ukiimwaga mbele ya Mungu, yaani ukiwatibu maskini, ukiwafundisha watoto wa kijiji, ukikataa rushwa mezani pako, deni lako litakuwa linalipwa.