Twende Sanje, au Tuwape Maskini?



Vijana wenzangu, wiki hii naomba niwashirikishe jambo ambalo limekaa moyoni mwangu tangu Agosti mwaka jana. Si jambo la kujivunia. Ila nimeona nikiendelea kukaa nalo peke yangu halitanisaidia mimi wala mwingine.

Sisi VIWAWA wa parokia yetu hapa Singida tulipanga safari. Tulitaka kwenda kuyaona maporomoko ya Sanje, kwenye Milima ya Udzungwa kule Morogoro. Kwa wasioyafahamu, ni maji yanayoshuka kama mita 170 kutoka msituni, ndani ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1992. Chini yake liko Bonde la Kilombero, miwa na mpunga hadi macho yachoke.

Sasa mfikirie kijana aliyekulia huku kwetu. Mvua yetu ni kama milimita 500 hadi 800 kwa mwaka, na kiangazi kikishaingia kinakaa miezi. Mjini tuna maziwa mawili, Singidani na Kindai, na yote ni ya chumvi: unayatazama, huyanywi. Kiukweli wengi wetu hatujawahi kuona maji yakianguka, ukiacha yale yanayotoka kwenye bati siku ya mvua.

Nane Nane mwaka jana iliangukia Ijumaa, kwa hiyo tulikuwa na siku tatu. Tungekodi coaster, Dodoma, Morogoro, Mikumi, tuingie Mang'ula jioni. Jumamosi tupande mlima. Jumapili tugeuze, tusali Misa njiani. Ni zaidi ya kilometa 600 kwenda tu. Tukapiga hesabu ya gari, kiingilio, malazi na chakula: shilingi 120,000 kila mmoja. Hadi Julai mimi nilikuwa nimeshalipa 70,000.

Halafu kikao cha mwisho kikafika, na mimi nikanyoosha mkono.

Nikasema, ndugu zangu, hivi kweli tutalipa karibu milioni tatu kwenda kutazama maji, wakati kuna bibi kwenye jumuiya yetu anaamka saa kumi usiku kupanga foleni ya dumu moja? Nikamtaja bibi mwenyewe, wote wanamfahamu. Nikasema Kristo anaona kiu hapa hapa, haioni Sanje. Ukumbi ukawa kimya. Mmoja akasema, "Aisee, umetugusa." Tukapiga kura, safari ikafa. Tukakubaliana kila mtu arudishiwe hela yake, na kila mmoja achange anachoweza ili tumsaidie yule bibi kupata tenki la kuvunia maji ya mvua. Nilitoka pale nikijiona nabii.

Unajua nini kilitokea? Hakikutokea kitu. Hela zilirudishwa wiki ile ile, na mchango haukuanza. Agosti ikapita, Septemba ikapita. Siwezi kuwasemea wenzangu, ngoja niseme ya kwangu. 70,000 yangu ilitengeneza kioo cha simu, ikanunua jezi, iliyobaki ikawa bando na chipsi. Hakuna hata shilingi mia iliyomfikia bibi.

Oktoba nikakutana naye njiani, ana dumu lake kichwani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Eti, mlienda kule kwenye maji?"

"Hatukwenda, bibi. Tuliona tuwafikirie kwanza watu wenye shida ya maji. Kama wewe."

Akanyamaza kidogo. "Mimi nilikuwa nasubiri mje mnisimulie," akasema. "Sauti ya maji mengi nimeisikia kwenye masomo ya kanisani tu." Halafu akauliza, wala hakuwa na ubaya: "Na ile hela mliipeleka wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilipokea lile dumu nikambebea hadi kwake, na njia nzima nilikuwa naomba asirudie swali.

Tangu siku hiyo nimeisoma mara nyingi sura ya 12 ya Injili ya Yohane. Yesu yuko Bethania, siku sita kabla ya Pasaka. Mariamu anampaka miguu mafuta ya nardo ya bei kubwa, nyumba nzima inanukia. Yuda analalamika kwamba mafuta yale yangeuzwa dinari 300, wapewe maskini. Dinari 300 ni karibu mshahara wa kibarua wa mwaka mzima. Tuseme ukweli: hoja ya Yuda ni nzuri. Kwenye kikao chetu angepigiwa makofi. Lakini Mwinjili anatuambia hakuwa na uchungu na maskini. Yeye ndiye aliyeshika mfuko, na alikuwa akiiba.

Zamani nilikuwa nasoma hapo na kusema, mimi si mwizi. Siku hizi nasita. Nilimtumia bibi kushinda mjadala. Nilichukua shida yake, nikaiweka mezani kama karata, nikashinda, kisha nikaondoka na hela. Kumtumia maskini kama hoja si kumsaidia. Inawezekana hata ni kumwibia.

Injili ya Marko, sura ya 14, inaongeza neno ambalo sikuwahi kuliona. Yesu anasema maskini tunao siku zote, na kwamba tukitaka, tunaweza kuwatendea mema wakati wowote. Wengi tunasikia sehemu ya kwanza tu na kudhani Bwana anawapuuza maskini. Sehemu ya pili ndiyo iliyonichoma. Wakati wowote! Yaani kabla ya safari, bila safari, baada ya safari. Sanje haikuwahi kunizuia kumbebea bibi dumu. Kilichonizuia ni mimi.

Ila tusiende haraka. Wapo watakaosema, basi tule raha tu, maskini watakuwepo kesho. Hapana. Tumtazame tena Mariamu. Mafuta yalikuwa ya kwake, hakumchangisha mtu. Na hakujipaka yeye, alimpaka Bwana. Kwa hiyo swali la haki kuhusu safari lipo, na nililiruka. Katika kundi letu kulikuwa na wenzetu watatu wasioweza kulipa 120,000. Mmoja ni fundi cherehani, anakodi hata hiyo cherehani. Waliacha kuja vikaoni taratibu, bila kelele. Mimi niliyekuwa nawatetea maskini sikuuliza wako wapi. Maskini wa mbali kidogo ni rahisi kumpenda kuliko aliyekaa kiti cha pili yako.

Na je, uzuri wenyewe una thamani yoyote kwa mtu mwenye kiu? Nilidhani hapana. Kisha nikaisoma Zaburi ya 42. Inaanza na ayala mwenye kiu, na mtu ambaye chakula chake ni machozi. Aya chache mbele, mtu huyo huyo anasikia ngurumo ya maporomoko, na anamsikia Mungu humo. Mwenye kiu na mwenye kustaajabu ni mtu mmoja. Ndivyo alivyo yule bibi. Mimi nilikuwa nimemgeuza kuwa dumu tupu tu, kana kwamba moyo wake hauna haki ya kutamani kitu kingine.

Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, anafundisha yote mawili. Anasema kupata maji salama ni haki ya msingi ya kila binadamu. Humo humo anatuonya kwamba mtu asiyejifunza kusimama na kustaajabia kilicho kizuri, mwishowe ataona kila kitu ni cha kutumia tu. Nami nashuhudia: mwishowe hata bibi unamtumia.

Milima hiyo hiyo ya Udzungwa ina mfano mwingine. Maporomoko ya Kihansi yalielekezewa bwawa la umeme, mtambo wa megawati 180. Ni umeme tunaouhitaji. Lakini kulikuwa na chura mdogo aliyegunduliwa pale mwaka 1996, aliyeishi kwa manyunyu ya maporomoko hayo na hakuwepo kwingine duniani. Maji yalipopungua, manyunyu yakakatika, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Bahati nzuri wengine walikuwa wamepelekwa Marekani kutunzwa, na mwaka 2012 walianza kurudishwa Kihansi, ambako yaliwekwa mabomba ya kurusha manyunyu. Umeme unaendelea kuzalishwa. Ukiuliza tu "umeme au chura?" unaweza ukakosa kuiona njia hiyo ya tatu, kwa sababu njia hiyo inadai kazi.

Basi mwaka huu tumepanga tena. Safari hii nilianza kwa kuomba msamaha kikaoni, na ilikuwa ngumu kuliko ile hotuba. Tumekubaliana mambo matatu. Kwanza, kila Jumatano na Jumamosi wawili wetu wanachota maji ya bibi kwa zamu. Tulianza Januari, na haijahitaji hata shilingi ya safari. Pili, tunaweka 3,000 kila wiki badala ya kudai hela nyingi kwa mkupuo, na anayekwama tunambeba, bila kumtangaza. Fundi cherehani amerudi. Tatu, mchango wa tenki umeanza, na unasomwa kikaoni kabla ya mchango wa coaster.

Bado hatujatimiza hela ya tenki wala ya gari. Huenda tukaenda, huenda tukasubiri mwakani. Bibi ameshatoa agizo lake: tusimletee picha, picha haisikiki. Anataka nirekodi sauti ya maji yakianguka, nije nimwekee karibu na sikio. Kile kioo cha simu nilichotengeneza kwa hela yake, angalau kitapata kazi.

Tafakari ya wiki hii: ni lini mara ya mwisho ulisema "bora wangepewa maskini"? Na baada ya kusema, mkono wako ulifanya nini?

Tuombe. Ee Bwana, uliyemwomba maji mwanamke wa Samaria, utufundishe kumpa jirani kikombe chake leo, na utujalie siku moja kusimama mbele ya kazi ya mikono yako tukiwa na dhamiri safi. Amina.