Kuvunjika kwa Koleo



Kila mwaka matokeo ya mitihani yatangazwapo katika vyuo vyetu vikuu, nyumba nyingine hujaa vigelegele, na nyingine hujaa ukimya. Leo twataka kusema na nyumba zenye ukimya. Tumfikirie kijana anayesomea udaktari wa meno. Ukoo mzima ulimsindikiza. Shamba liliuzwa, mama alisali novena, na kijijini watu walikwisha kumwita Daktari kabla hajashika hata koleo la kung'olea jino. Sasa mwaka wa pili umekwisha, naye ameanguka katika anatomia na fiziolojia. Amejifungia chumbani, na moyo wake wauliza neno moja tu: Je, niache?

Neno letu la kwanza kwake ni hili: usiamue leo. Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliwafundisha watu kwamba mtu akiwa katika giza na ukiwa wa moyo asibadili azimio alilolifanya alipokuwa na nuru. Maana aibu ni mshauri mbaya. Humwambia mmoja akimbie upesi, na mwingine humwambia ang'ang'anie kwa kiburi ili watu wasicheke. Wote wawili hawakumsikiliza Mungu, wamezisikiliza sauti za jirani. Basi ngoja kidogo. Kula, ulale, uungame kama lipo la kuungama. Kisha kaa mbele ya Tabernakulo na karatasi ya matokeo mkononi, uitazame kama ilivyo.

Neno la pili: tafuta sababu. Bwana Wetu alifundisha kwamba atakaye kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama. Elimu hii nayo ina gharama yake. Pale Muhimbili, Dar es Salaam, shahada ya udaktari wa meno huchukua miaka mitano, na baada yake mwaka mmoja wa mazoezi kazini. Katika miaka ya mwanzo mwanafunzi hasomi meno 32 tu, husoma mwili wa binadamu, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Wala masomo hayo si pambo. Atakayechoma sindano ya ganzi katika taya la chini hana budi kujua neva yapita wapi, na mishipa gani ya damu iko kando yake. Nyuma ya kila alama, kijana mpenzi, ameketi mgonjwa aliyefumbua kinywa chake kwa kukuamini. Atafutaye kupita kwa kuiba mtihani amekwisha kumwibia mgonjwa huyo.

Basi jiulize kwa unyofu. Je, ulijitahidi mwaka mzima, au ulikesha juma la mwisho tu? Je, ulisoma na njaa, au katika msiba, au katika ugonjwa? Je, Kiingereza cha vitabu kilikushinda kabla ya somo lenyewe? Makosa na taabu za namna hii zina dawa: mitihani ya marudio, kurudia mwaka, kumwendea mwalimu bila haya, kusoma pamoja na wenzako, kuahirisha masomo kwa ruhusa ya chuo. Lakini kama umejitahidi kwa kweli, ukaomba msaada, ukarudia, na bado mlango haufunguki. Au kama hukuipenda kazi hii hata siku moja, ila uliichukua kwa fahari ya jamaa, basi kuacha si dhambi wala si woga. Huenda ni utii.

Inyasi mwenyewe aliyajua yote mawili. Mwaka 1521 mzinga ulimvunja mguu katika vita vya Pamplona, akaiacha njia ya utukufu wa kiaskari aliyokuwa ameitamani. Mwaka 1524, mtu mzima wa miaka kama 33, alianza kujifunza Kilatini huko Barcelona. Akaenda Alcalá, akarundika masomo mengi kwa mara moja, wala hayakumfaa kitu. Alipofika Paris mwaka 1528 alikubali kwamba msingi wake ni dhaifu, akarudi kuketi darasani pamoja na watoto. Miaka kadhaa baadaye Chuo Kikuu cha Paris kilimtunukia shahada. Palipompasa kuacha aliacha, na palipompasa kurudia alirudia, asiihesabu aibu.

Wazazi wapenzi, neno la tatu ni lenu. Twajua mmeuza nini. Lakini mtoto si rehani ya deni la ukoo. Nyumba inayohesabu fedha mbele ya mtoto aliyeanguka humfundisha kusema uongo. Na wako vijana waliokwisha kuacha chuo ambao kila muhula bado huaga nyumbani kana kwamba wanakwenda darasani. Tena iko hatari kubwa zaidi: kijana huweza kufikiri kwamba ni heri afe kuliko kurudi mikono mitupu. Mwulizeni waziwazi, msimwache peke yake, mpelekeni kwa daktari na kwa Padre. Huzuni kubwa namna hii si ukosefu wa imani, ni maradhi yahitajiyo matibabu. Na neno la kwanza atakalolisikia mlangoni liwe: Karibu nyumbani, mwanangu.

Wazee walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Asiyefaulu kuwa daktari wa meno aweza kuwa tabibu mwema, fundi wa meno ya bandia, muuguzi, mwalimu wa sayansi, au mkulima mwenye elimu. Katika mfano wa talanta, yule aliyepewa mbili alisifiwa kwa maneno yale yale aliyosifiwa aliyepewa tano. Bwana wake hakumwuliza kwa nini hakuleta kumi. Alitazama kama zile mbili zilifanya kazi.

Basi, kijana, ukiendelea, endelea kwa ajili ya mgonjwa anayekungoja. Ukiacha, acha kwa amani, nawe umwambie baba yako kweli yote. Mungu aliyekuita hajafuta jina lako kwa sababu ya karatasi moja.