Waliobaki na Jembe

Mwezi wa kumi na mbili mjini Tabora embe haliuzwi, linatafutiwa mlaji. Jirani anakuletea ndoo nzima, nawe unamrudishia ndoo yake ikiwa na maembe ya mti wako, kwa kuwa chombo hakirudi kitupu. Watoto wanakikataa chakula cha mchana kwa sababu matumbo yamejaa tangu asubuhi. Nzi wana sherehe chini ya kila mti kuanzia Cheyo mpaka Ng'ambo. Msafiri wa treni anayekatiza hapa kwenda Kigoma au Mwanza huondoka na mfuko wa maembe na chupa ya asali, akiamini kwamba vyote viwili vimekuwapo hapa tangu dunia iumbwe.

Asali, sawa, hiyo ni ya miyombo yetu. Mwembe ni mgeni. Asili yake ni Bara Hindi. Ulivuka bahari, ukakaa pwani, kisha ukapanda bara kwa miguu ya watu, kwenye njia ile iliyoanzia Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikavuka pori la Mgunda Mkali, ikafika Unyanyembe, hapa kwetu, na kuendelea hadi Ujiji. Wazee husimulia kwamba wapagazi walikula embe wakatupa kokwa, na ndivyo njia nzima ilivyoota miembe. Simulizi tamu, na huenda lina ukweli wake. Lakini mtu aliyewahi kuotesha mwembe Tabora atakuuliza: mche ule nani aliumwagilia?

Mvua yetu ni ya msimu mmoja. Huanza mwezi wa kumi na moja na kukatika mwezi wa nne au wa tano, na baada ya hapo ni jua, upepo na vumbi. Kokwa lililoota na mvua za kwanza lina miezi michache tu ya kujitegemea. Ukifika mwezi wa saba mavuno yamekwisha, mbuzi wameachiwa, na jani bichi linaonekana toka mbali. Mche wa njiani hauoni mwaka wa pili. Unaopona ni ule ulio karibu na nyumba, mahali ambapo yupo mtu wa kuumwagia maji aliyooshea vyombo na wa kumpigia mbuzi kelele. Kokwa lilikuwa la mpita njia. Mti ni wa mwenye nyumba.

Bahati mbaya historia ya mji huu imeandikwa na wapita njia. Richard Burton na John Speke waliingia Kaze, kama Tabora ilivyojulikana wakati huo, Novemba 1857, wakapokewa na mfanyabiashara Mwomani, Snay bin Amir. Burton hakuwa mwepesi wa kusifu, hata hivyo aliandika kwamba bustani za Waarabu wa Kaze zilikuwa kubwa na zimepandwa vizuri. Februari 1872 Stanley na Livingstone walifika kutoka Ujiji, wakakaa kwenye tembe la Kwihara, kilomita chache tu kutoka mjini. Stanley akaondoka katikati ya Machi. Livingstone akabaki mpaka tarehe 25 Agosti, akisubiri wapagazi atakaopelekewa kutoka pwani.

Tembe hilo leo ni makumbusho. Nimepeleka wageni pale mara nyingi, na maswali yao ni yale yale: daktari Livingstone alilala wapi, alikuwa anaumwa nini, aliandikia wapi. Hajatokea wa kuniuliza alikula nini nusu mwaka ule, na nani alikilima.

Sehemu moja ya jibu ni chungu na haifai kufunikwa. Bustani zile zilizosifiwa, zenye mpunga na malimau, kwa kiasi kikubwa zililimwa na watumwa. Majina yao hayamo katika daftari la msafiri yeyote. Sehemu ya pili ni wenyeji, na hasa wanawake. Misafara iliyopita hapa ilikuwa ya makumi ya maelfu ya watu kila mwaka, na kila mmoja alitakiwa apate posho yake, kibaba cha nafaka kwa siku, ili aweze kubeba frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, kuanzia alfajiri. Pembe za ndovu hazipikwi. Mtama, uwele, viazi vitamu, karanga na njugu mawe zilitoka kwenye matuta ya watu, zikabadilishwa kwa kitambaa na shanga, na msafara ukasonga mbele.

Mnyamwezi mwenyewe alikuwa mpagazi hodari, na sifa hiyo tunaipenda mpaka leo. Watani wetu Wazaramo wakitutania kwamba sisi tulikuja pwani na mzigo kichwani, tunacheka kwa fahari kidogo. Wengi walijitahidi kuondoka baada ya mavuno na kurudi kabla ya mvua. Ila kwenda pwani pekee kuliweza kula miezi mitatu, na njia ilikuwa na mambo yake: hongo za watemi, ndui, vita. Mwaka 1871, Mtemi Mirambo alipoifunga njia ya Ujiji na kupigana na Waarabu wa Tabora, ratiba ya mtu yeyote haikuwa na maana tena. Mvua haikumsubiri aliyekwama njiani. Ilimkuta mkewe, na jembe lilikuwa moja. Wapo wanawake walioandamana na misafara, wakabeba vyungu na watoto na kupika kambini, nao ni sehemu ya heshima ile. Mimi leo nawasema waliobaki.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na upagazi ukafa. Kuondoka hakukufa. Babu yangu mzaa mama alikwenda Tanga kukata mkonge, akawa manamba kama maelfu ya Wanyamwezi wa wakati wake. Nyumbani huko Sikonge alimwacha mke na watoto. Mama yangu anakumbuka safari za baba yake kwa vitu alivyorudi navyo: shuka, taa ya chemli, sufuria. Nikimuuliza walikuwa wanakula nini asipokuwapo, ananitazama kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza wapi. "Si tulikuwa tunalima?"

Mama yangu sasa anaishi nasi mjini, na nyumba nzima, hata majirani wenye mvi, humwita Bibi. Bustani ya nyuma ya nyumba ni yake. Sisi wengine ni vibarua. Hakubali kulima sesa. Kwake mboga isiyo juu ya tuta imetupwa. Kabla ya kuinua udongo anatandaza majani makavu, mabua na takataka za jikoni, ndipo anavifukia vyote katikati ya tuta vioze vyenyewe. Bwana shamba mmoja aliwahi kumweleza kwa upole kuhusu mboji. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akamwambia, "Baba, hiyo mboji unayoisema umeikanyaga." Bwana shamba akainua mguu.

Matembele anayachuma kwa namna ambayo bado sijaimudu. Hang'oi, havuti. Anapita na kidole gumba na cha shahada, anakata ncha changa zenye majani machache, anaacha jicho linalofuata lichipue, na kufikia mwisho wa tuta kiganja chake cha kushoto kimeshika fungu lililopangwa mabua upande mmoja. Mlenda anauchuma jioni, mgagani asubuhi. Kunde hupandwa kwa ajili ya majani kwanza, mbegu baadaye, na majani yanayozidi huanikwa yawe nsansa, mboga ya kiangazi. Viazi navyo vikizidi humenywa, vikakatwa vipande na kuanikwa vibichi, hiyo ni michembe. Vikichemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kuanikwa, hayo ni matobolwa. Ghala la Bibi ni magunia mawili kwenye kona ya stoo, na ndani yake mna jibu la mwezi wa tisa, wakati fungu la mchicha sokoni limepanda bei na mfuko wa mwenye nyumba umeshuka.

Nimetaja karanga, na siwezi kuipita Urambo bila kusimama. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya Uingereza iliamua kulima karanga Tanganyika kwa matrekta, Kongwa, Urambo na Nachingwea, ili kupata mafuta ya kula ya Waingereza. Walileta mitambo ya kung'oa pori, wakaleta wataalamu, wakajenga reli. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, takriban pauni milioni 36 zikiwa zimezama ardhini. Pembeni mwa mashamba hayo, mwanamke wa Urambo aliendelea kuvuna karanga zake kwenye matuta na kuzisaga za kuungia mlenda. Sidai kwamba jembe la mkono lingelisha Uingereza. Nashangaa tu kwamba katika vitabu vyote vilivyoandikwa kuhusu hasara ile, mavuno ya mama yule hayakuhesabiwa popote.

Hata leo hatuyahesabu. Zao kubwa la mkoa ni tumbaku. Fedha yake huja kwa mkupuo baada ya soko, hupokewa na baba kwa jina lake, na wiki hiyo pikipiki mpya huonekana mjini. Fedha ya bustani haionekani kwa kuwa haiji, inabaki: ni ile ambayo hukuitoa sokoni jana na hutaitoa kesho. Ndiyo maana mwanamume anaweza kula mboga ya mkewe siku zote za mwaka, na akiulizwa kazi ya mke wake akajibu bila kupepesa macho, "Hana kazi, yuko nyumbani tu." Nimelisikia jibu hilo kwenye vikao vya harusi, kwenye foleni za benki na kwa wanaume ninaowaheshimu. Neno "tu" hapo lina dharau ambayo msemaji mwenyewe hajaisikia.

Kwetu zamu ya maji ni ya mtoto wetu wa mwisho, kijana wa darasa la saba. Maji ya Ziwa Victoria yamefika mjini na bomba tunalo, lakini bili nayo ipo, kwa hiyo bustani inakunywa kwanza maji yaliyotumika kufulia nguo na kuoshea mboga. Kifaa chake ni kopo la rangi lililotobolewa matundu kwa msumari. Kijana huyu mezani hana habari. Shule? "Nzuri." Marafiki? "Wazima." Ukimkazia macho anamaliza ugali haraka na kuondoka. Lakini mpe lile kopo, kaa pembeni ukipalilia, usimtazame. Akifika tuta la pili anaanza. Hapo ndipo tulipojua kwamba ameachwa kwenye timu ya darasa, kwamba hesabu za sehemu hazielewi, na kwamba kuna rafiki yake ambaye huja shule bila kula. Hayo ya rafiki aliyasema akiwa amenipa mgongo, maji yakimwagika mahali pamoja mpaka tuta likaanza kumeguka. Bibi hakusema neno juu ya tuta lake, jambo ambalo si la kawaida. Kesho yake mkoba wa kijana ulikuwa na michembe ya watu wawili.

Wanasaikolojia watakuwa na maelezo yao. Langu ni fupi: watu wa nyumba moja husema zaidi mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa chini. Baba yangu hakuwahi kunikalisha kitako anishauri. Yote aliyoniambia yenye maana aliniambia tukiwa tumeinama.

Sasa tuna mgogoro. Mtoto wetu mkubwa yuko Dar es Salaam, ana kazi nzuri, na ametutumia mchoro kwenye simu: vyumba vinne vya kupangisha, vyoo vya ndani, mahali ilipo bustani. Hesabu zake ni safi. Kodi ya mwezi mmoja inanunua mchicha wa miezi mingi, na hilo siwezi kulibisha. Mji unakua, wanafunzi wa vyuo wanatafuta vyumba, na ardhi ya kukaa bure mjini ni anasa. Nilimwelewa. Anapenda kutusaidia, na msaada anaoufahamu mtu wa safarini ni kitu kinachojengwa na kuonekana. Mama yake akauliza vyumba hivyo vitasimamiwa na nani, nani atafuatilia kodi, nani atazibua choo usiku. Kijana akajibu, bila nia mbaya yoyote, "Si wewe mama, si upo tu nyumbani?"

Mama watoto akakata simu. Alimpigia tena baada ya chakula cha jioni, sauti imetulia. Akamwambia mchoro ni mzuri, vyumba viwili vinaweza kukaa upande wa barabarani ambako hakuoti kitu, na hivyo viwili vingine watavizungumza akija mwenyewe, akiwa amelima matuta ya msimu mmoja na kumwagilia bustani kwa majuma ya likizo yake yote. Kijana akacheka, kisha akagundua mama yake hacheki.

Likizo yake ni mwezi wa kumi na moja. Bibi ameshalitia jembe mpini mpya, na amesema mpini ni mrefu kidogo kwa sababu watoto wa Dar hawajui kuinama.